Chaji ya haraka inaua betri ya gari la umeme? Kwa Tanga, ulizia joto kwanza

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA ikishatangaza bei kikomo za mafuta, mjadala wa magari ya umeme huanza upya vijiweni. Iwe Ngamiani, Makorora au Chumbageni, penye kahawa na kashata hakosekani mmoja wa kutaja Nissan Leaf aliyoiona mtandaoni, inauzwa kwa bei ya kuvutia kutoka Japani. Hajamaliza, mwenzake ameshadakia: "Hiyo ukiichaji kwa chaji ya haraka, mwaka mmoja tu betri imekufa. Na betri yake ni bei ya gari lenyewe." Wa tatu anasema betri yoyote lazima uiache iishe kabisa ndipo uchaji. Wa nne anapinga, eti betri haitakiwi kulala hata usiku mmoja bila kujaa. Mwenye nia ya kununua anaondoka hajui ashike lipi.

Ushauri wa hawa haukutoka hewani. Yule wa "iache iishe" anakumbuka betri za nikeli na kadimiamu zilizokuwa kwenye redio za upepo na simu za mkononi za mwanzo, ambazo kweli zilisemwa kupoteza uwezo zikichajiwa kabla hazijaisha. Yule wa "isilale bila kujaa" anazungumzia betri za risasi, zile nzito za kuwashia gari na za sola, ambazo ukiziacha tupu wiki kadhaa huharibika. Kila mmoja ana ukweli wake. Ila betri inayoendesha gari la umeme la kisasa ni ya lithiamu, na lithiamu haifuati kanuni ya yeyote kati ya hao wawili. Ni jamii ileile iliyomo kwenye simu yako. Sony walianza kuiuza mwaka 1991, na wanasayansi watatu walioiwekea msingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2019.

Anayesema chaji ya haraka inaua betri yuko karibu na ukweli kuliko wenzake, lakini ameshika nusu tu ya jambo. Nusu nyingine ni joto, na kwa mji wa pwani kama huu wetu nusu hiyo ndiyo nzito.

Gari lipi tunalizungumzia

Toyota Aqua na Prius za kawaida ni haibridi. Zina injini ya petroli na betri ndogo inayojichaji yenyewe njiani. Hazina pa kuchomeka waya. Nissan Note ya e-Power huwachanganya wengi zaidi, kwa sababu magurudumu yake yanazungushwa na mota ya umeme, lakini umeme huo unatokana na injini ya petroli iliyo mbele. Nayo haichomekwi. Suala la chaji ya haraka haliwahusu wenye magari hayo. Linawahusu wenye gari lisilo na injini kabisa, ambalo nguvu yake yote inatoka kwenye betri moja kubwa chini ya sakafu. Leaf ndiyo iliyozoeleka zaidi sokoni kwa mitumba ya Japani, na sasa kuna magari mapya ya Kichina.

Uniti za LUKU ndani ya gari

Ukubwa wa betri hupimwa kwa kilowati-saa. Neno lisikutishe: kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU. Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa Desemba 2010, zilikuwa na betri ya uniti 24. Baadaye zikaja za uniti 30, za uniti 40 mwaka 2017, na za uniti 62 mwaka 2019. Kwa hiyo ukijaza Leaf ya uniti 40 iliyokuwa tupu, mita yako itapungua uniti 40 na chache zaidi, maana sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto.

Kasi ya kuchaji hupimwa kwa kilowati. Soketi ya ukutani yenye voti 230, ikitoa ampea 10, inakupa kilowati 2.3, yaani uniti 2.3 kila saa. Betri ya uniti 40 hapo inataka zaidi ya saa 17. Ukifungiwa chaja ya ukutani ya kilowati 7, kazi hiyo inakwisha ndani ya saa sita au saba, mradi gari lenyewe liwe linapokea kiasi hicho. Leaf nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe hupokea kilowati 3 tu kwa njia hii. Hizo zote ni chaji za taratibu. Chaji ya haraka huanzia kwenye kilowati 50 hivi, na mashine mpya hufika 150 na kupita.

Tofauti ya hizo mbili haiko kwenye aina ya umeme unaofika ndani ya betri. Umeme wa TANESCO ni mkondo geu, betri inapokea mkondo mnyoofu, kwa hiyo lazima pawe na kifaa cha kugeuza. Unapochomeka nyumbani, kazi hiyo inafanywa na chaja ndogo iliyomo ndani ya gari, na udogo wake ndio unaoweka kikomo cha kasi. Kwenye kituo cha chaji ya haraka, kigeuzi kimetolewa nje ya gari, kimewekwa kwenye kabati kubwa chini, kinapeleka mkondo mnyoofu moja kwa moja kwenye betri.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana. Watu hudhani ile mashine inasukumia gari umeme kwa nguvu. Hapana. Kompyuta ya betri ndiyo inayoomba. Muda wote wa kuchaji inapima joto na voti za seli, inaiambia mashine nipe kiasi hiki, sasa punguza, sasa acha. Leaf inayopokea mwisho kilowati 50, hata ukiipeleka kwenye mashine ya 150, itachukua 50 zake. Ndiyo maana pia ile hofu ya kuacha gari kwenye chaji usiku kucha "likaungua betri" haina msingi: ikifika kiwango ilichopangiwa, gari linakata lenyewe.

Na neno "haraka" linategemea ukubwa wa betri. Kilowati 50 kwa betri ya uniti 24 ni mzigo mkubwa. Kilowati hizohizo kwa betri ya uniti 80 ni kazi ya kawaida tu. Wawili wanaweza kuchaji kwenye mashine moja, siku moja, na betri zao zikapata shida tofauti kabisa.

Kinachotokea ndani

Chukua basi pale stendi ya Kange. Viti vya basi ni tabaka za grafaiti, ile ile ya kwenye penseli, iliyo upande mmoja wa kila seli ya betri. Abiria ni chembe za lithiamu zenye chaji, zinazoitwa ayoni. Unapochaji, ayoni zinatoka upande wa pili wa seli, zinavuka kimiminika kilicho katikati na kuketi ndani ya grafaiti. Unapoendesha gari zinashuka na kurudi zilikotoka. Hakuna kinachoungua kama petroli. Ni abiria walewale wanaopanda na kushuka kwa miaka.

Basi likiwa tupu, abiria thelathini wanaingia kwa dakika chache na kila mmoja anaona kiti. Likibakiza viti vitano, anayeingia lazima apite katikati, aruke mabegi, aulize "hapa kuna mtu?" Konda akiendelea kusukuma watu kwa kasi ileile ya mwanzo, wanajazana mlangoni. Kwenye betri, kujazana huko ni lithiamu iliyokosa nafasi ndani ya grafaiti ikaganda juu yake kama chuma. Sehemu ya lithiamu hiyo hairudi tena kazini, na hapo betri imepoteza uwezo moja kwa moja. Hali hiyo ikijirudia, vijisindano vya lithiamu vinaweza kuota kuelekea upande wa pili wa seli, na hilo ni la hatari.

Hofu ya chaji ya haraka imetoka hapo, na ni hofu ya kweli. Wahandisi wanaijua, ndiyo maana kompyuta ya betri hupunguza kasi kadiri viti vinavyojaa. Gari linaweza kuanza na kilowati 50, likifika asilimia 80 likawa linapokea kumi na kitu. Matangazo ya magari hutaja dakika za kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa sababu hiyo. Zile 20 za mwisho zinaweza kula muda karibu sawa na wote uliotangulia.

Jambo jingine linaloleta msongamano mlangoni ni baridi. Kwenye baridi ayoni hutembea kivivu, kama abiria waliotoka usingizini. Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, magari mengi hupasha betri moto kabla ya kufika kwenye chaji ya haraka. Sisi hilo halituhusu. Hata Lushoto mwezi wa Julai, pamoja na makoti yake, haifikii baridi ya kugandisha inayoleta shida hiyo. Kwa dakika zile 30 au 40 za kuchaji haraka, uvuguvugu wa pwani unaisaidia betri.

Shida yetu ni saa nyingine zote 23 za siku.

Kuzeeka kwa kukaa tu

Betri ya lithiamu huzeeka kwa njia mbili. Moja ni kutumika, kuchaji na kuishia. Nyingine ni kukaa tu, hata gari likiwa limeegeshwa mwezi mzima. Juu ya grafaiti kuna utando mwembamba unaojijenga kutokana na kimiminika cha ndani. Utando huo unahitajika, unailinda grafaiti. Lakini hauachi kukua, na kila unapokua unameza lithiamu kidogo. Kinachouchochea ukue haraka ni joto, pamoja na betri kukaa imejaa. Kanuni ya jumla ya kemia inasema nyuzi joto 10 zikiongezeka, kasi ya mambo mengi ya namna hii hukaribia kuwa maradufu.

Sasa tazama Tanga. Februari na Machi mchana unazidi nyuzi 32, usiku haushuki sana, unyevu uko juu. Gari likiegeshwa saa sita mchana juu ya lami karibu na soko la Mgandini, betri iliyo chini ya sakafu inapata jua la juu na joto linalopanda kutoka barabarani. Betri ni nzito, hupata joto polepole na hupoa polepole, kwa hiyo saa mbili usiku bado inatunza joto la mchana. Gari hilohilo chini ya mwembe, juu ya udongo, lina siku tofauti kabisa. Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kumsihi mwenye gari la umeme hapa mjini, ni kivuli, kabla hata ya kumuuliza anachaji kwa mashine gani.

Ushahidi wa Phoenix

Tunayo mifano ya kutazama. Mwaka 2012 wenye Leaf katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, walianza kulalamika kwamba magari yao ambayo hayajamaliza hata miaka miwili yamepoteza umbali mwingi kuliko walivyoahidiwa. Phoenix ni jangwa, na kiangazi chake hupita nyuzi 40. Leaf haikuwa na mfumo wa kupoza betri kwa maji wala kwa feni. Betri ilifungwa ndani ya boksi, ikaachwa ipoe yenyewe. Nissan waliishia kuongeza dhamana ya uwezo wa betri na baadaye wakatoa betri yenye kemikali zinazovumilia joto zaidi.

Maabara ya Taifa ya Idaho ilichukua Leaf nne za mwaka 2012 na kuziendesha hukohuko Phoenix. Mbili zilichajiwa taratibu, mbili zilichajiwa kwa chaji ya haraka, hadi kila moja ikatembea maili 50,000, sawa na kilomita 80,000 hivi. Zote nne zilipoteza zaidi ya moja ya tano ya uwezo. Zile za chaji ya haraka zilipoteza zaidi, ndiyo, lakini kwa pointi chache tu za asilimia. Na upotevu mkubwa kwa zote ulitokea katika miezi ya joto kali. Tafsiri yake ni nyepesi: ile chaji waliyoiogopa ilichangia kidogo, jua lilichangia zaidi.

Mwaka 2023 kampuni ya Recurrent ya Marekani ililinganisha Tesla zaidi ya 12,000, baadhi zikiwa zimechajiwa haraka kwa asilimia 70 au zaidi ya mara zote, nyingine chini ya asilimia 30. Haikuona tofauti ya maana katika umbali ambao magari hayo bado yanaweza kwenda. Tesla hupoza betri kwa kimiminika kinachozungushwa katikati ya seli, na gari likiwa kwenye chaji ya haraka utasikia pampu na feni zikifanya kazi kwa nguvu. Kampuni ya Geotab ya Kanada, inayofuatilia magari ya makampuni, iliziweka aina hizo mbili pamoja: Tesla Model S ya 2015 ilikuwa ikipoteza wastani wa asilimia 2.3 kwa mwaka, Leaf ya 2015 asilimia 4.2. Kwa magari ya umeme yote kwa ujumla, wastani wao wa mwaka 2020 ulikuwa asilimia 2.3, na wa mwaka 2024 ukashuka hadi 1.8.

Kwa hiyo swali la kijiweni ligeuzwe. Badala ya "linachajiwa haraka?", uliza "betri yake inapozwa na nini?" Gari lenye upozaji wa kimiminika, chaji ya haraka mara moja moja au hata kila wiki si jambo la kukunyima usingizi. Gari lisilo na upozaji, kama Leaf za miaka hiyo, chaji moja ya haraka baada ya gari kupumzika haina neno, lakini mbili tatu mfululizo ndani ya safari ya mchana zinapandisha joto la betri ambalo halina pa kutokea. Wenye Leaf za uniti 40 waliliona hili waziwazi mwaka 2018: kwenye safari ndefu, chaji ya pili na ya tatu ilikuwa ya polepole mno, kwa sababu kompyuta ilikuwa inaikinga betri iliyokwisha kupata moto.

Na tuache kusema "imekufa". Betri ya lithiamu ikizeeka hupungua. Watengenezaji wengi leo hutoa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000 kwamba haitashuka chini ya asilimia 70. Betri ya uniti 40 iliyobaki na asilimia 70 bado ina uniti 28, na hizo ni nyingi kwa mtu anayezunguka Raskazone, Mikanjuni na Pongwe. Ila jua kwamba dhamana hiyo kwa kawaida haivuki bahari pamoja na gari la mtumba.

Kujaza au kutokujaza

Betri ikikaa imejaa kabisa kwenye joto, utando ule hukua kwa kasi zaidi. Kwa hiyo betri nyingi za lithiamu zenye nikeli na kobalti hupenda kuishi kati ya asilimia 20 na 80. Hii haina maana kwamba asilimia 100 ni mwiko. Jaza mpaka juu ukiwa na safari, kisha ondoka. Linaloumiza ni kujaza Ijumaa, ukaliacha gari juani hadi Jumatatu. Kushusha hadi sifuri na kuliacha hivyo nako si kuzuri. Betri ikikaa tupu muda mrefu inaweza kushuka chini ya kiwango salama.

Halafu kuna kundi la pili linalofuata masharti tofauti. Betri za lithiamu zenye chuma na fosfati, ambazo zimo kwenye magari mengi ya Kichina, BYD yakiwemo, huvumilia zaidi kukaa juu, na watengenezaji wengi wenyewe hushauri uzijaze hadi asilimia 100 mara kwa mara, Tesla wakisema mara moja kwa wiki. Sababu ni kwamba voti za betri hizi hubadilika kidogo sana kuanzia karibu zijae hadi karibu ziishe, hivyo kompyuta isipoiona ikijaa mara moja moja, hukosea kukadiria kilichobaki. Hapo ndipo mtu anaonyeshwa asilimia 15 gari likazima. Soma kitabu cha gari lako, au muulize muuzaji ni betri ya kemikali gani kabla hujachukua ushauri wa jirani mwenye gari la aina nyingine.

Hatari iliyo ukutani

Kuna jambo linaloniudhi katika mjadala huu. Tunaogopa mashine ya chaji ya haraka, ambayo ina vipimo vya usalama kila upande, halafu tunapitisha ekstensheni dirishani, tunaiunga na nyingine kwenye baraza, tunachaji gari saa 14. Soketi ya kawaida haikuzoea kubeba ampea 10 usiku kucha. Pasi hutumia umeme mwingi, lakini kwa dakika chache na kwa kukatakata. Ukitaka kujua kama soketi yako inateseka, chomoa plagi baada ya saa mbili na uishike. Ikiwa ya moto, au mguu mmoja wa shaba umegeuka kahawia na plastiki kuzunguka hapo imelainika, pana harufu kama ya kitufe kilichoungua, acha kuchaji hapo siku hiyohiyo. Muite fundi umeme mwenye leseni avute waya mnene wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, wenye fyuzi yake na waya wa ardhini ulio hai. Nyumba nyingi za zamani za Ngamiani ziliwekwa umeme wakati mzigo mkubwa ukiwa taa na redio.

Umeme ukikatika katikati ya kuchaji, betri haidhuriki. Chaji inasimama tu, na mara nyingi huendelea ukirudi. Cha kuangalia ni umeme unaorudi ukiwa umepanda. Huo unaweza kuumiza chaja, kwa hiyo kifaa cha kulinda dhidi ya voti kubwa ni pesa iliyotumika vizuri.

Ukienda kukagua Leaf ya mtumba

Washa gari, tazama dashibodi upande wa kulia kwenye geji ya betri. Pembeni ya vipande vinavyoonyesha chaji iliyopo kuna safu nyembamba ya vipande vidogo 12. Hiyo safu ndogo ndiyo afya ya betri. Kipande cha kwanza kikipotea, betri imeshapoteza asilimia 15 hivi; vinavyofuata hupotea kwa asilimia sita na kitu kila kimoja. Gari lenye vipande 9 limebaki na asilimia 70 hivi ya uwezo. Muuzaji akikuonyesha asilimia 100 kwa maandishi makubwa, hiyo ni chaji ya leo, haisemi chochote kuhusu afya.

Usiishie kwenye dashibodi, kwa kuwa kompyuta inaweza kufutwa kumbukumbu na vipande vyote 12 vikarudi kwa muda. Tumia programu ya LeafSpy ya kwenye simu na kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, usome seli zenyewe, kisha liendeshe gari umbali wa kueleweka, mathalani hadi Muheza na kurudi, uone asilimia ngapi zimeondoka. Programu hiyo pia hukuhesabia gari limechajiwa haraka mara ngapi. Idadi ikiwa kubwa isikukimbize peke yake. Isome pamoja na umri, afya iliyobaki, na gari lilikoishi.

Na kabla ya kusema betri kubwa imeharibika, pima ile ndogo. Kila gari la umeme lina pia betri ya kawaida ya voti 12, ya risasi kwenye nyingi, inayowasha kompyuta na taa. Ikichoka, gari zima linakataa kuwaka hata kama betri kubwa imejaa. Wapo waliokaribia kuuza gari kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya betri ya kubadilisha kwa dakika kumi.

Wenye bajaji za umeme nao waulize kwanza ni betri gani. Nyingine zina lithiamu, na yote niliyoyasema yanazihusu. Nyingine zina betri za risasi, na kwa hizo yule wa kijiweni wa "isilale bila kujaa" yuko sahihi kabisa: zirudishe zijae kila jioni, usizilaze tupu.

Tanga hadi Dar

Kwa njia ya Segera na Chalinze ni kilomita 350 hivi. Leaf ya uniti 40 ikiwa mpya ilipimwa na mamlaka ya Marekani kwenda kilomita 243. Ukiondoa uzee wa betri, kiyoyozi na mwendo wa barabara kuu, hufiki Chalinze kwa raha. Utahitaji chaji mahali fulani kati ya Segera na Msata, na huenda ukahitaji ya pili kabla ya kuingia mjini. Hakikisha kabla ya safari kwamba kituo unachokitegemea kipo, kinafanya kazi, na plagi yake ni ya gari lako: Leaf za mitumba ya Japani hutumia CHAdeMO, magari mengi ya Ulaya CCS2, mengi yaliyotengenezwa kwa soko la China GB/T.

Ondoka alfajiri, betri ikiwa imetoka kumaliza kujaa, si iliyojaa tangu jana mchana. Kwenye chaji ya kwanza usisubiri 100. Ingiza hadi 70 au 80 uondoke; dakika za baada ya hapo ni nyingi, kilomita zake chache, na joto lake halina faida. Kwa gari lisilo na upozaji, punguza mwendo hadi 80 kabla ya chaji ya pili, betri ifike pale ikiwa haijachemka. Gari lenye upozaji liache limechomekwa hata ukienda kula, kwa sababu mengi huendelea kupoza betri yakiwa kwenye waya.

Wakati wa kurudi, ukiingia Tanga saa tisa alasiri na asilimia 20, usichomeke hapohapo. Liweke gari kivulini, subiri saa mbili usiku. Kutoka 20 hadi 70 kwa betri ya uniti 40 ni uniti 20. Kwa soketi ya kilowati 2.3, ukijumlisha unaopotea njiani, ni kama saa kumi. Saa kumi na mbili asubuhi imefika.